Kila Kopo Lina Shamba Lake

Makopo yalikuwa themanini. Jioni tuliyapanga kwenye mstari mmoja ulionyooka, kuanzia nguzo ya katikati hadi ukingoni mwa shamba, kopo moja kila baada ya mita 5, na usiku bomba la pivoti likapita juu yake. Alfajiri, kabla jua halijaanza kuyanyonya, tulikwenda kuyasoma. Mmoja anainua kopo, mwingine anamimina kwenye silinda ya kupimia, mimi naandika kina cha maji kwa milimita. Daftari lilikuwa limelowa umande hadi kalamu ikawa inateleza.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, pivoti ni bomba refu lililobebwa juu ya minara yenye magurudumu. Ncha moja imefungwa kwenye nguzo ya katikati, maji yanakoingilia. Ncha ya pili iko huru, na mtambo mzima unazunguka polepole kama mshale wa saa huku vinyunyizio vikining'inia chini yake na kumwaga maji. Yetu ilikuwa na urefu wa mita 400. Ilimaliza mzunguko mmoja kwa saa 26 na kulowesha duara la hekta 50 na ushei, miwa mitupu. Nilikuwa fundi wa umwagiliaji mwenye mwaka mmoja kazini, najua Python, lugha ya kuandikia programu, kiasi cha kutosha kufungua faili na kuchora grafu, na nilikuwa nimekabidhiwa swali moja: kwa kila mzunguko, shamba linapokea maji kiasi gani?

Niliona ni hesabu ya dakika kumi. Vipimo vilianzia takriban milimita 14 karibu na nguzo, vikashuka taratibu hadi milimita 8 ukingoni (nazungusha namba ili hadithi ifuatike). Nikaviingiza kwenye safu, nikaandika mstari mmoja:

wastani = kina.mean()

Jibu likaja: milimita 11. Eneo la duara lenye nusukipenyo cha mita 400 ni mita za mraba 502,655. Zidisha kwa mita 0.011, unapata karibu mita za ujazo 5,530. Nikaandika ripoti ya ukurasa mmoja, nikaipeleka kwa msimamizi, nikarudi kwenye kazi zangu nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema.

Kesho yake nikaitwa kwenye nyumba ya pampu. Aliyeniita alikuwa mzee wa mita, ile ya kupima maji yanayopita bombani, mtu aliyekuwa ameshinda na mabomba yale tangu mimi sijaanza shule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, shamba lako limepokea maji kiasi gani?"

"Mita za ujazo elfu tano mia tano na thelathini."

"Na mita yangu imetoa elfu tano na mia mbili. Sasa hayo mia tatu na thelathini ya juu yametoka wapi? Maji hayazaliani kwenye bomba."

Sikuwa na jibu. Msimamizi yeye alikuwa nalo: mita imeharibika. Namba zangu zilitoka kwenye kompyuta, zikiwa na grafu ya rangi. Namba za mzee zilitoka kwenye daftari la kurasa zilizokunjamana. Mita ikafunguliwa, ikapelekwa kupimwa, na pampu ikakaa kimya siku tatu katikati ya kiangazi. Ikarudi na jibu kwamba ni nzima. Siku tatu hizo mzee alikaa kwenye kiti chake nje ya nyumba ya pampu, hakunung'unika, hakunisema kwa mtu. Jambo hilo linaniuma hadi leo kuliko kama angenikaripia mbele ya watu.

Mita iliporudi nilikwenda kwake mwenyewe. Nilimwambia kosa liko kwangu lakini silioni. Aliniuliza kopo langu la kwanza lilikuwa wapi. Nikamwonyesha, mita 5 kutoka kwenye nguzo. Na la mwisho? Kule, kwenye njia ya gurudumu la mnara wa mwisho.

"Basi nenda ukalizunguke la kwanza, halafu ukalizunguke la mwisho."

Nilimwelewa vibaya, nikadhani anataka nilizunguke kopo. Akatikisa kichwa, akachora kwa kidole hewani: alitaka nizunguke nguzo, kwanza nikiwa umbali wa kopo la kwanza, kisha nikiwa umbali wa kopo la mwisho. Mzunguko wa kwanza ulikuwa hatua arobaini hivi. Wa pili nikafuata njia ya gurudumu, matope yakiganda kwenye buti, miwa mkono mmoja na pori mkono mwingine. Nilitembea kilomita mbili na nusu. Ilinichukua zaidi ya nusu saa, na nilipofika nusu ya njia nilikuwa nimeshaelewa.

Kopo lililo mita 5 kutoka kwenye nguzo halijisemei lenyewe tu. Linaisemea pete nzima ya ardhi inayoizunguka nguzo kwa umbali huo, kwa sababu bomba linazunguka na kumwaga kiasi kilekile kote linakopita. Pete hiyo ina mzingo wa mita 31 na upana wa mita 5. Pete ya kopo la themanini ina mzingo wa mita 2,513. Kwa upana uleule, ardhi yake ni mara themanini ya ardhi ya kopo la kwanza. Na mimi nilikuwa nimeyapa yote themanini kura moja moja, kana kwamba shamba lile ni mstatili na makopo yamepangwa kwenye vipande vilivyo sawa.

Shuleni niliwahi kuandika kwamba integrali ya duara (jumla ya vipande vyake vidogo vidogo) kwa majira ya nukta ya aina ya nusukipenyo na pembe lazima ibebe r, yaani umbali kutoka katikati, ndani yake. Niliikariri hiyo r, nikapata alama zake kwenye mtihani, nikaisahau. Kwa vile nilikuwa sijawahi kuitembea kwa miguu, sikuitambua nilipoikuta shambani. Nikarudi mezani:

wastani = (kina * r).sum() / r.sum()

Milimita 10, badala ya 11. Kwa eneo lote ni mita za ujazo 5,030 hivi. Mita ya mzee ilisema 5,200. Tofauti ya 170 ni maji yaliyopeperushwa na upepo na kukauka hewani kabla ya kugusa kopo, asilimia tatu na kidogo, jambo ambalo kila anayemwagilia kwa vinyunyizio analijua. Namba zote mbili zilikuwa zinasema kweli. Nilimpelekea mzee karatasi mpya, akaisoma akiwa amesimama, akaikunja na kuiweka ndani ya daftari lake.

Baadaye nilikuja kujua kwamba watu wa umwagiliaji walikwishalishughulikia jambo hili zamani. Kipimo cha usawa wa umwagiliaji ambacho wengi hukitumia kilitolewa na Christiansen huko Marekani mwaka 1942, kwa ajili ya vinyunyizio vilivyopangwa kwenye miraba, ambako kila kopo kweli lina kipande sawa na mwenzake. Pivoti zilipoenea, Heermann na Hein walitoa mwaka 1968 kipimo kinachozidisha kila kopo kwa umbali wake kutoka katikati. Ni ileile r.

Lakini sikukomea hapo, kwa sababu kosa la namna hii likishakuumiza mara moja unaanza kuitilia shaka kila namba. Nilijiuliza: ningejuaje, bila mita ya mzee, kwamba nimekosea? Mashamba mengi hayana mita. Jibu nililolipata ni rahisi kiasi kwamba niliona aibu kwa kutolifikiria mapema. Futa vipimo vyote, weka moja kila mahali. Ukijumlisha moja juu ya shamba zima, jibu lazima liwe eneo la shamba, wala si zaidi wala pungufu. Eneo unalijua tayari. Namba isipotoka, hesabu yako haijafaa kupewa data ya kweli.

Nikalifanyia jaribio hilo hesabu yangu iliyosahihishwa, nikitarajia pongezi. Nilizidisha kila r kwa upana wa mita 5, nikajumlisha, nikazidisha kwa pai mara mbili. Ikatoka hekta 50.9. Shamba ni hekta 50.3. Nusu hekta na zaidi ilikuwa imeongezeka kutoka hewani.

Nilitafuta kutwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye kopo la mwisho. Makopo mengine yote yanawakilisha pete yenye mita mbili na nusu upande wa ndani na mita mbili na nusu upande wa nje. Kopo la mwisho limekaa mpakani. Upande wake wa nje hakuna shamba. Linastahili nusu tu ya pete, na mimi nilikuwa nimelipa pete kamili. Kanuni ya trapeza, njia ya kujumlisha vipande vilivyo kati ya nukta na nukta, inalijua hili yenyewe, kwa kuwa sampuli za kwanza na za mwisho inazipa nusu ya uzito. Nikaongeza nukta ya r = 0 mwanzoni, nikaiacha kanuni ifanye kazi:

eneo = 2 * np.pi * np.trapezoid(r, r)

Ikatoka 502,655 kamili. (Kwenye programu za zamani utaikuta imeandikwa np.trapz, jina lilibadilishwa kwenye toleo la 2.0 la mwaka 2024 la NumPy, maktaba ya hesabu ya Python.) Kwa wastani, kosa lile la ukingoni lilikuwa dogo sana, kwa kuwa lilikuwa juu na chini ya mstari wa kugawanya na likajifuta karibu lote: 9.98 badala ya 10. Kwa jumla ya maji lisingejifuta. Tangu hapo naziangalia wastani na jumla kama vitu viwili tofauti, hata vikitoka kwenye mistari ileile ya programu.

Msimu uliofuata tulirudia kipimo, na usiku nyani wakaja. Makopo matatu tuliyakuta yamebingirishwa, matupu. Nikayafuta kwenye safu kwa mstari mmoja, kama kila mtu anavyofanya na thamani tupu, nikabaki na makopo sabini na saba. Kisha nikaita kanuni ya trapeza nikiipa dx=5, yaani mita 5 kati ya kila nukta na inayofuata, kwa mazoea. Kompyuta haikulalamika. Ilichofanya ni kuyasogeza makopo yaliyobaki yakafungana, ikajenga shamba la nusukipenyo cha mita 385 badala ya 400, na kunipa jibu safi la shamba ambalo halipo. Jaribio la moja ndilo lililonishika mkono: hekta 46.6. Nikabadilisha dx kwa safu yenyewe ya umbali, ili majirani wa kopo lililoanguka wagawane ardhi yake, na hesabu ikarudi mahali pake. Leo nikiona mtu anatumia nafasi isiyobadilika kwenye data iliyokwisha kuchujwa, namsimamisha kabla hajaendelea.

Kuna njia ya pili ambayo nimeipenda zaidi kadiri miaka inavyokwenda. Badala ya kubeba r mkononi, hesabu mipaka ya pete, nusu ya njia kati ya kopo na kopo, kisha eneo la kila pete ni pai mara tofauti ya miraba ya mipaka hiyo miwili. Zidisha eneo kwa kina, jumlisha. Hakuna ukadiriaji wowote kwenye ardhi. Ukadiriaji umebaki kwenye maji peke yake, ambako ndiko ujinga wetu ulipo kweli. Na pia unaweza kumwonyesha mtu asiyejua integrali safu ya maeneo ya pete, naye akasoma kwa macho yake kwamba kopo hili lina mita za mraba 157 na lile lina maelfu.

Safu hiyo ndiyo iliyobadilisha mambo shambani. Nilipoipanga, niliona kwamba nusu ya ardhi yote iko nje ya mita 283, na kwamba mita 40 za mwisho, sehemu moja ya kumi ya bomba, zinabeba asilimia 19 ya shamba, wakati mita 40 za kwanza zinabeba asilimia 1 tu. Milimita 8 za ukingoni, ambazo kwenye wastani wangu wa kwanza zilimezwa na milimita 14 za katikati, zilikuwa ndizo maji ya sehemu kubwa ya miwa. Wakataji walikuwa wamesema kwa misimu miwili kwamba ukingoni miwa ni mifupi na myembamba, na jibu walilopewa ni kwamba udongo wa kule ni mbaya. Tulipopanda kwenye minara miwili ya mwisho na chati mkononi, tulikuta nozeli zilizofungwa ni ndogo kuliko zilizoandikwa. Kwenye pivoti nozeli lazima zikue kadiri unavyokwenda nje, kwa sababu ileile ya pete. Zilibadilishwa kwa siku mbili.

Mzee wa mita akanitumia kwa kazi nyingine, safari hii kwenye bomba kuu, kuhakiki mita yake kwa mrija wa pitot unaopima kasi ya maji nukta kwa nukta kutoka katikati hadi kwenye ukuta wa bomba. Ni duara lilelile, dogo tu. Kasi ni kubwa katikati na inakufa ukutani. Ukichukua mchoro wa kasi ambao wahandisi huutumia kwa maji yanayokwenda kwa vurugu, ule wa kipeo cha moja ya saba, wastani wa kawaida wa nukta hizo unakupa 0.875 ya kasi ya katikati. Ukizipa pete zake haki yake, ni 0.817. Asilimia saba ya maji yasiyokuwepo, na kwa mwelekeo uleule kama shambani: kila kitu kinachopungua kwenda nje, wastani wa kawaida hukisifia kupita kiasi. Mita ya mzee ilipita tena.

Miaka kadhaa baadaye niliacha matope, nikahamia ofisini kuchakata data za mvua kutoka kwenye setilaiti. Data niliyoanza nayo ni CHIRPS, inayoandaliwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, pamoja na Idara ya Jiolojia ya Marekani. Inaanzia mwaka 1981, na toleo nililolitumia liliigawanya dunia, kati ya digrii 50 kusini na 50 kaskazini, katika visanduku vya digrii 0.05. Kwenye skrini visanduku hivyo ni miraba iliyo sawa kabisa, mizuri kuitazama, kama vigae vya sakafuni. Lakini ardhini mistari ya longitudo inakaribiana kadiri unavyoiacha Ikweta, na kisanduku kinapungua upana kwa kosaini ya latitudo. Lilikuwa shamba la pivoti limerudi, safari hii limepinda na kuwa tufe.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshaumwa na nyoka, nililijua hilo siku ya kwanza. Niliandika uzito wa kila kisanduku, nikauhakiki kwa sehemu moja. Nikachagua Dodoma, makao makuu ya nchi, latitudo digrii 6.17 kusini. Programu ikasema 0.994. Nikachukua kikokotoo, kosaini ya digrii 6.17: 0.994. Nikaridhika, nikaendelea na kazi ya kujumlisha mvua ya nchi nzima.

Jumla iliyotoka haikuwa na maana yoyote. Niliitafuta hitilafu kwenye mafaili, kwenye tarehe, kwenye mipaka ya nchi, popote isipokuwa kwenye uzito, kwa sababu uzito nilikwisha kuuhakiki. Mwishoni, kwa kukata tamaa, nikauchora huo uzito wenyewe juu ya ramani. Tanzania ikatokea na mistari kama kikoi: Mwanza na Arusha hasi, Dodoma na Dar es Salaam chanya, Mbeya na Mtwara hasi tena. Arusha ilikuwa na eneo la 0.97 chini ya sifuri.

Sikuwa nimegeuza digrii kuwa radiani, kipimo cha pembe ambacho Python hukitegemea. Python ilichukua 6.17 kama radiani, na radiani 6.17 ni karibu kabisa na duara zima, pai mara mbili, 6.283, ambako kosaini ni moja. Katika miji yote ya nchi niliokota ule ambao majibu mawili, la kweli na la uongo, yanalingana hadi desimali ya tatu. Ningechagua Arusha ningeliona kosa kwa sekunde moja. Nukta moja ya kuhakikia inaweza kukudanganya kwa bahati tu. Ramani nzima ya uzito haiwezi. Na jaribio langu la moja, ambalo lingenionyesha mara moja kwamba Tanzania haina eneo lake la kilomita za mraba laki tisa na ushei, sikulifanya, kwa sababu nilijiona nimeshalipita.

Jambo la pili lilinifundisha kuhusu mahali tunapoishi. Baada ya kusahihisha nilijaribu makusudi kuiondoa kosaini kabisa, nione ina thamani gani. Kwa Tanzania, inayoanzia digrii 1 na kuishia karibu digrii 12, tofauti ilikuwa chini ya asilimia moja. Kenya na Uganda, zilizokaliwa na Ikweta yenyewe, ni chini zaidi. Yaani mtu anaweza kufanya kazi ya mvua Kampala au Nairobi maisha yake yote bila kosaini na asigundue kitu. Programu yake itapita kila ukaguzi, ataifundisha kwa vijana, nao wataibeba kwenda nayo mahali pengine.

Na ndivyo ilivyotokea kwenye kazi yetu ya bonde la Mto Nile. Nile ni ubao mzuri wa kufundishia somo hili, kwa kuwa inaanzia kwenye vyanzo vya Burundi, kama digrii 4 kusini, na kumwaga Mediterania baada ya digrii 31 kaskazini. Mwenzangu alikuwa na programu nzuri ya mvukizo wa maziwa, aliyoijenga akiwa anafanya kazi Ziwa Victoria. Ndani yake kulikuwa na namba moja iliyoandikwa kwa mkono: 773, kilomita za mraba za kisanduku cha robo digrii. Kwa Ziwa Victoria ni kweli tupu. Aliposogea hadi Ziwa Nasser, digrii 23 kaskazini, kisanduku kilekile kina kilomita za mraba 711. Delta, kinabaki na 662. Ziwa Nasser liko katikati ya jangwa, na kwa ziwa la jangwani mvukizo ndio habari yenyewe. Kuliongezea eneo kwa asilimia tisa ni kuliongezea kiu kwa asilimia tisa. Tulikaa naye alasiri nzima. Sikumwambia amekosea. Nilimwomba tuweke moja kila mahali, tujumlishe dunia nzima kwa ile 773 yake, tuone.

Ikatoka kilomita za mraba milioni 801. Dunia ina milioni 510. Uwiano wake ni pai juu ya mbili, 1.57, na hauji kwa bahati: ndiyo tofauti kati ya kulichukulia tufe kama karatasi na kulichukulia kama tufe. Mwenzangu aliitazama 801 kwa muda mrefu bila kusema neno, halafu akaanza kuifuta 773 yake mwenyewe.

Tulipoandika upya hatukuweka kosaini. Tulitumia dada yake pete za shambani: mipaka ya juu na ya chini ya kila kisanduku, na tofauti ya saini (sine) za pembe zake. R2 ni mraba wa nusukipenyo cha dunia.

phi = np.radians(kingo)
eneo = R2 * np.radians(0.25) * np.diff(np.sin(phi))

Hili ni la Archimedes, mwanahisabati wa Kigiriki, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Alionyesha kwamba ukanda wowote unaoukata kwenye tufe una eneo sawa na ukanda wa kimo hichohicho kwenye silinda inayolibana tufe hilo. Urefu wa ukanda kwenda juu ndiyo ile tofauti ya saini. Alilipenda sana jambo hilo la tufe na silinda hata likachongwa kwenye kaburi lake. Cicero, mwanasiasa wa Roma, anaeleza alivyolikuta, limefunikwa na miiba, alipokuwa na wadhifa Sicily mwaka 75 kabla ya Kristo. Nilimsimulia mwenzangu huku programu ikizunguka, naye akaniuliza kama huyo Archimedes aliwahi kumwagilia. Nikamwambia kuna mtambo wa kupandisha maji, parafujo ndani ya bomba, unaobeba jina lake, na Misri bado wanao wakulima wanaoukumbuka.

Programu ikamaliza. Moja kila mahali, kutoka ncha hadi ncha, nusukipenyo cha kilomita 6,371. Skrini ikaandika 510.06. Nje giza lilikuwa limeshaingia. Tukafungua faili la mvua.